Breki ya Nyuma si Pambo

 

Leo siandiki juu ya shela wala mikono ya gauni. Naandika juu ya breki ya nyuma ya pikipiki ya spoti. Najua wengine mshaanza kucheka. Chekeni, lakini msiondoke, maana katika mabibi harusi sita walionijia tangu Idi, wanne wachumba zao wana pikipiki, na wawili kati ya hao ni zile za spoti, tangi limevimba mbele na kiti cha nyuma kimepanda juu kama sakafu ya ghorofa ya pili. Nikawauliza wote, hicho kiti cha nyuma atakikalia nani? Kimya. Nikawauliza tena, breki zake zikoje? Mmoja akaniambia, "Bi fundi, mimi nitajuaje, hayo si mambo yake mwenyewe?"

Yake vipi, mwanangu? Ukishatoka fungate utapakiwa nyuma kwenda kuamkia wakwe Jambiani. Roho zitakuwa mbili juu ya magurudumu mawili, na anayeshika mikono ya pikipiki ni mmoja. Una haki ya kujua inasimamaje.

Mimi ni fundi wa nguo za harusi. Nilimaliza fomu foo, nikasoma kozi ya ushoni, na sasa nina duka langu dogo upande wa Mwanakwerekwe pamoja na wasichana wanne wanaonitegemea. Kwa miaka minane nilikuwa napanda skuta, ile isiyo na gia, ambayo sisi huku kila aina tunaiita vespa. Kwa mjini inatosha. Lakini harusi nyingi siku hizi ziko shamba, na mteja wa Makunduchi au Nungwi anataka aletewe gauni kupimwa kwake, kwa sababu bibi harusi kashaanza kufungiwa ndani. Skuta yangu ikibeba mimi, mwanafunzi wangu na begi la nguo ilikuwa ikilia kama mtoto mwenye homa.

Mdogo wangu wa kiume alipopata kazi Muscat aliniachia pikipiki yake ya spoti, silinda moja, sisi 250, uzito wake kilo zaidi ya 160 mbali na mimi. Akaniambia, "Dada, ama iuze ama ipande, lakini isikae ikaota kutu." Mkwe wangu aliposikia alivuta mtandio akatazama pembeni, na kwa anayemjua mkwe wangu hiyo ni hotuba nzima. Mume wangu ni mwalimu wa skuli ya msingi, mtu wa maneno machache. Alisema, "Kupanda sina wasiwasi nako. Wasiwasi wangu ni kusimama. Nionyeshe unavyosimama, halafu tutazungumza."

Nilikasirika kidogo. Nina leseni, nina miaka minane barabarani. Lakini tuna watoto watatu, na mdogo alikuwa bado ananyonya. Nikaona sharti lake lina haki. Na mimi sipendi kuambiwa mara mbili, basi nikaingia kujifunza kusimama kama nilivyojifunza kukata kola.

La kwanza la kujua ni hili, na nawaambia hasa nyinyi mnaopanda skuta. Kwenye skuta isiyo na gia, breki ya nyuma iko mkono wa kushoto. Kwenye spoti, mkono wa kushoto ni klachi, na breki ya nyuma iko mguu wa kulia. Sasa fikiria mtu aliyezoea skuta, mbuzi akatoka kichakani, mkono wa kushoto ukakaza wenyewe. Kwenye spoti hapo hujafunga breki yoyote. Umeitenga injini na tairi, na chombo kinateleza mbele kwa uhuru wake. Ndiyo maana wiki mbili za mwanzo sikutoka barabara kubwa kabisa. Nilikuwa nazunguka uwanjani tu, mpaka mguu ukawa unajua kazi yake bila kuulizwa.

Hapa sisi mafundi cherehani tuna bahati yetu. Mguu wangu wa kulia umekaa juu ya pedali ya mashine ya umeme kwa miaka kumi na tano. Unajua kubonyeza kwa kipimo cha sindano kwenda mshono mmoja, miwili, kusimama. Pedali ya breki inataka mguu wa namna hiyo hiyo. Wanaume wengi ninaowaona huikanyaga kama wanaua mende.

La pili ni kwa nini breki hii inadharauliwa. Vijana wengi wa spoti watakwambia breki ya nyuma ni pambo, kazi yote ni ya mbele. Wana nusu ya ukweli. Mnapanda daladala, mnajua dereva akifunga breki ghafla watu wote humiminika mbele, na wa nyuma kabisa anajikuta kamkumbatia asiyemjua. Pikipiki nayo ni vivyo hivyo. Ukifunga breki uzito wote unakimbilia tairi la mbele, linagandamizwa na lami na linashika vizuri. Tairi la nyuma linabaki jepesi. Na tairi jepesi ni rahisi kufunga: linaacha kuzunguka, linaburura, mkia unaanza kucheza kushoto na kulia. Pikipiki ya spoti ni fupi na mpandaji kainama mbele, kwa hiyo uzito unahama haraka zaidi kuliko kwenye pikipiki ndefu. Ndiyo maana watengenezaji huweka diski kubwa mbele na ndogo nyuma. Yangu ya mbele inakaribia milimita 300 upana wake, ya nyuma ni 220.

Kwa hiyo ni kweli, breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha. Lakini kuna mahali ambapo mbele peke yake itakuangusha, na kisiwani kwetu mahali hapo ni pengi.

Chukua mchanga. Anayejua barabara za pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, anajua upepo unavyopuliza mchanga ukalala juu ya lami, mwembamba kama unga uliochekechwa. Tairi la mbele likifunga juu ya mchanga, uko chini kabla hujasema bismillahi. La nyuma likiteleza kidogo, na pikipiki imesimama wima, unapata nafasi ya kulegeza mguu ukaendelea. Kwa hiyo kabla ya kufika penye mchanga mimi napunguza mwendo mapema kwa breki zote mbili, na nikishaingia juu yake nabaki na mguu tu, kidogo kidogo.

Chukua foleni ya Darajani siku ya mwezi ishirini na tisa Ramadhani. Mwendo wa mtu anayetembea, mara simama mara nenda, mama kapita na tenga la maandazi. Ukigusa breki ya mbele huku usukani umekata kona, pikipiki inazama mbele na kulala upande, na kilo 160 hutaziinua kwa mkono. Breki ya nyuma inaituliza. Klachi nusu, gesi kidogo, mguu unaburura pedali, chombo kinatambaa kama kimefungwa kamba.

Chukua kilima. Umesimama, mguu wa kushoto chini, wa kulia kwenye pedali, mikono iko huru kwa klachi na gesi, hurudi nyuma ukamgonga mtu.

Kisha kuna taa. Hili dogo lakini nalipenda. Kabla sijaanza kusimama kwa kweli, naigusa pedali kwa unyoya, kiasi cha kuwasha taa ya breki tu. Daladala iliyo nyuma yangu inapata habari kabla ya mimi kupunguza hata kilomita moja.

Na kubwa kuliko yote ni abiria. Mtu akikaa nyuma ya spoti, uzito wake unakaa karibu kabisa juu ya tairi la nyuma. Lile tairi lililokuwa jepesi sasa lina mzigo, linashika, na breki yake inaanza kufaa kitu. Tena ukianza na ya nyuma kwa upole, halafu ndiyo ukaongeza ya mbele, sehemu ya nyuma inakaa chini badala ya kunyanyuka, na abiria hamiminikiwi mbele akakugandamiza mgongoni. Wanafunzi wangu wanajua tofauti hiyo bila kuambiwa. Mmoja aliniambia nikifunga breki anahisi kama kiti kinamvuta akae.

Basi tukarudi kwa sharti la mwalimu wangu. Tulitoka asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri, tukaenda upande wa Fumba kwenye kipande cha lami kilichonyooka kisicho na watu. Nilichukua chaki yangu ya kukatia nguo nikachora mstari. Mume wangu na mwanafunzi wangu mmoja walishika tepu ya ushoni, ile ya sentimita 150, maana ndicho kipimo tulichokuwa nacho. Nikawa naja kwa kilomita 40 kwa saa, nikifika mstarini nafunga breki, wanapima.

Breki ya nyuma peke yake: tepu 14. Yaani mita 21. Mbele peke yake: tepu 7 na nusu. Zote mbili pamoja: tepu 6 na nusu, chini ya mita 10. Tukarudia mara tatu tatu, tofauti ilikuwa ndogo. Mwanafunzi wangu aliandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, kati ya kifua cha bibi harusi mmoja na kiuno cha mwingine.

Mume wangu akazitazama namba. Ile tepu moja ya tofauti kati ya mbele peke yake na zote mbili akaipima kwa hatua zake. Mita moja na nusu. Akasema, "Hapa anasimama mtoto." Akanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, kwa sababu wetu wa kati ana miaka mitano na hana simile na barabara.

Lakini ile 14 haikunipendeza. Nilipokuwa nakanyaga, pedali ilikuwa inazama kama godoro la sufi, laini, laini, halafu ghafla inashika na tairi linaburura. Breki haitakiwi kuwa hivyo. Nikampelekea fundi mmoja mzee pale Amani ambaye husema na pikipiki kuliko anavyosema na watu.

Jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba wengi wanaotaka kuboresha breki ya nyuma huomba nguvu zaidi: diski kubwa, hiki na kile. "Nguvu unayo tayari, bibie. Tairi linafunga, unataka nini tena? Unachokosa ni kuisikia." Nilimwelewa pale pale. Mkasi mzuri haushindi mwingine kwa nguvu, unaushinda kwa kuwa unajua umefika wapi ndani ya kitambaa.

Akafungua kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta mapya huwa meupe au ya njano hafifu. Yangu yalikuwa rangi ya chai ya mkandaa. Mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, taratibu, kupitia mipira na viungo, na hewa ya kwetu mnaijua, chumvi inalowa ndani ya bakuli. Yakishanyonya maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Yale yanayoandikwa DOT 4, yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike angalau nyuzi 230, lakini yakishalowa kipimo chake hushuka mpaka 155. Mdogo wangu naye alikuwa na tabia ya kuegemeza mguu kwenye pedali njia nzima, breki inaburura kidogo kidogo, inapata moto, mafuta yanatoa mapovu. Na mapovu yanabonyea. Mguu wako unabonyeza hewa badala ya kubonyeza pedi.

Pedi, ndiyo. Msicheke. Kwa mafundi wa pikipiki ndilo jina lake, na mimi nilishamwambia mzee yule siku ya kwanza kwamba tutalitamka bila haya sote wawili.

Kutoa upepo tulifanya pamoja, na nawaeleza kwa sababu si kazi ngumu, ila inataka watu wawili wanaosikilizana. Chini kwenye kalipa kuna nati ndogo yenye tundu, inafunguka kwa spana namba 8. Unaichomeka mpira mwembamba wa kuonea ndani, mwisho wake unautia kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mimi nakanyaga pedali na kushikilia. Yeye analegeza nati, mafuta machafu yanatoka na mapovu yake. Anakaza nati, ndipo mimi naachia. Ukiachia kabla hajakaza, inavuta hewa ndani na umerudi mwanzo. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Zaidi ya mara thelathini, na kila baada ya muda tunaongeza mafuta mapya juu ili kikopo kisikauke. Ilipofika mahali mafuta yanatoka safi bila povu hata moja, pedali ilisimama ngumu chini ya mguu wangu. Mafuta hayo yanakula rangi ya pikipiki, na sitaki kujua yatafanya nini kwenye satini, basi siku ile nilivaa baibui langu la zamani na nguo za wateja zilibaki dukani. Na mafuta yaliyobaki kwenye chupa iliyofunguliwa mwaka jana msiyatumie, yashanyonya unyevu ndani ya chupa.

Pedi zenyewe zilikuwa na unene wa kutosha lakini uso wake unang'aa. Mnajua suruali nyeusi ikipigwa pasi ya moto bila kitambaa juu inavyotoa mng'aro? Ni hivyo hivyo, joto limezichoma. Fundi akaniambia kuna za unga wa chuma uliogandamizwa, zinauma kwa nguvu na hazikati tamaa kwenye mvua, na kuna za nyuzi na gundi, ambazo ni laini na zinaongeza nguvu polepole. Kwa nyuma nilichukua laini. Vijana pale kibandani walinishangaa, lakini mimi nabeba watu na magauni, nataka breki inayoongea kwa sauti ya chini.

Kalipa nayo ilikuwa imekwama upande mmoja. Kuna pini mbili inazotelezea, na chumvi ilikuwa imezila. Pedi moja ilikuwa inafanya kazi na nyingine inatazama. Akazisugua kwa msasa laini, akapaka grisi maalumu ya breki. Akanionya kwamba grisi ya kawaida inavimbisha vile vimpira. Mpira wa mafuta ulikuwa wa zamani, una nyufa, na ukikanyaga unavimba kama lastiki ya sketi iliyochoka: unavuta, inavutika, kiuno hakikazi. Tukaweka uliovishwa wavu wa chuma, pamoja na washa mpya za shaba, maana za zamani zikishabanwa mara moja hazifai kurudishwa.

Mwisho ni urefu wa pedali, na hiki hakikugharimu kitu. Mdogo wangu ana mguu mkubwa na alikuwa anavaa buti. Mimi navaa viatu vya ngozi vya kufunika kifundo, namba 38. Ilinibidi ninyanyue mguu mzima kutoka pa kukanyagia ndipo niifikie pedali, na mguu ulionyanyuka haujui kubonyeza kwa kipimo. Kuna fimbo yenye nati chini ya masta, unaizungusha, pedali inashuka au inapanda. Tuliiweka mahali ambapo vidole vinaigusa bila kisigino kuhama. Lakini lazima kibaki kinafasi kidogo kabla haijaanza kushika. Bila hicho pedi zinaburura, zinapata moto, na unaweza kujikuta gurudumu limejifunga lenyewe njiani. Baada ya hapo ukarekebishe na swichi ya taa, kwa sababu pedali imehama.

Pedi mpya hazishiki siku hiyo hiyo. Nilizizoesha kwa kupunguza mwendo taratibu mara kumi hivi, kutoka 40 mpaka kama 10, bila kusimama kabisa na bila kuzikaanga. Ijumaa iliyofuata tukarudi Fumba na tepu yetu. Nyuma peke yake: 12, kutoka 14. Zote mbili: ile ile 6 na nusu. Mtu wa hesabu atasema nimepoteza pesa. Lakini hakuna mburuto hata mmoja, na mara zote nilijua tairi liko wapi. Mume wangu alikunja tepu akasema, "Haya, mama watoto. Makunduchi hiyo."

Sharti nililojiwekea mwenyewe ni la nguo. Kwenye pikipiki nyingi cheni iko kushoto, na kwenye yangu diski ya nyuma na ekzosi ziko kulia. Baibui likining'inia kushoto linakwenda kwenye cheni, likining'inia kulia linakwenda kwenye diski au linaungua. Hakuna breki itakayokuokoa na kitambaa kilichojifunga kwenye gurudumu. Na kukaa upande kama tunavyopenda kukaa kwenye bodaboda, kwenye spoti sikubali. Kiti kile kimeinama mbele, miguu yote miwili haina pa kukanyaga, breki ikifungwa tu umeteleza. Nimeshona baibui la kupandia: mbele na nyuma lina mpasuo uliofichwa kwa pande pana, ndani kuna suruali ya kitambaa hicho hicho, na chini vifungo viwili vya kubana kwenye kifundo. Ukishuka unafungua vifungo, linaanguka kama baibui lolote, stara iko kamili. Mkwe wangu alilishika akaligeuza ndani nje, akasema mshono wa ndani umenyooka. Wiki ya pili aliniagizia moja la binti yake.

Mwezi wa mfungo tatu tulikuwa tunarudi Makunduchi, mwanafunzi wangu nyuma, gauni la nikaha kwenye begi mgongoni mwake. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Tulipita matuta ya Jozani yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, na mbele zaidi, tukikaribia ile miembe ya Bikhole, lami ilikuwa imejaa majani mabichi. Ng'ombe mmoja akaamua kuvuka, na nyuma yake mtoto mwenye fimbo, hatazami kulia wala kushoto. Mwendo wetu ulikuwa kama 50, na kwa mwendo huo kila sekunde inakula karibu mita 14. Mguu ukatangulia, taratibu, nikahisi nyuma inakaa chini, kisha vidole viwili mbele, nikaongeza, nikaongeza. Tairi la nyuma likaanza kuteleza juu ya majani, nikalisikia kwenye unyayo kabla ya kuliona, nikalegeza kiasi cha mshono mmoja, likashika tena. Tukasimama ng'ombe bado anatuangalia. Mtoto akatusalimia, "Chei chei bibi!" akaendelea na njia yake. Mwanafunzi wangu aliuliza kama tumefika sheli.

Hivyo nikirudi kwa nyinyi mabibi harusi. Simwambii mtu amkataze mume pikipiki yake, na kwa kweli nani atawasikiliza. Lakini siku anapokuja kukuonyesha, mwambie akupe dakika tano. Bonyeza pedali ya mguu kwa mkono wako, imesimama, injini imezimwa. Iwe ngumu, isizame kama godoro. Tazama kile kikopo kidogo, mafuta yawe meupe au ya njano na juu ya alama ya chini. Muulize yalibadilishwa lini. Vitabu vingi vya pikipiki husema kila miaka miwili, na akianza kukuna kichwa ushapata jibu. Chungulia pedi kwenye kalipa, zikibaki nyembamba kama sarafu, zimekwisha. Taa iwake ukigusa pedali na iwake ukigusa breki ya mkono. Kisha mwambie akupakie polepole barabara ya mtaani, afunge breki. Ukimiminikia mgongoni mwake kila mara, mume wako anatumia ya mbele tu, na muombe kwa adabu aanze na mguu.

Mmoja wa wale wateja wangu wawili alifanya hivyo. Mchumba alinuna siku mbili, siku ya tatu akaenda kwa mzee wa Amani, na mzee akamtoa pedi zilizobaki bati tupu. Gauni lake lilikuwa la rangi ya pembe za ndovu, mikono ya lesi, nitaweka picha akiniruhusu.

Mwingine bado anasema ataona aibu kumuuliza. Harusi yake ni baada ya wiki tatu. Alhamisi anakuja kupimwa mara ya mwisho, na nimemwambia aje na mchumba wake amlete kwa hiyo pikipiki, mimi nitakuwa nje mlangoni baada ya sala ya alasiri, na tepu yangu shingoni.